Kijana akae benchi au acheze ligi ndogo? Funzo la miaka mingi kutoka hokei ya barafu

Kunako mwezi wa Juni 1997, ekipe ya Boston Bruins ya Marekani ilichagua vijana wawili siku moja. Joe Thornton, Mcanada mwenye urefu wa sentimita 193, aliitwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wote wa mwaka huo, na hakuwa hata ametimiza miaka 18. Sergei Samsonov, Mrusi mfupi mwenye mbio nyingi, aliitwa wa nane.

Msimu ulipoanza, watu walishangaa. Samsonov alifunga mabao 22, akatoa pasi 25 zilizozaa mabao, akapewa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi nzima. Thornton, ambaye jina lake lilikuwa limejaa magazetini, alicheza mechi 55 akafunga mabao 3 tu na kutoa pasi 4. Mara nyingi aliingia uwanjani kwa dakika chache, kisha akarudi kukaa na kutazama wenzake.

Tofauti yao ilianza mwaka mmoja kabla. Samsonov alikuwa amekwisha kucheza na watu wazima katika Detroit Vipers, ekipe ya ligi ndogo iliyoitwa IHL, na mwaka 1997 walitwaa kombe la ligi hiyo. Thornton alitoka moja kwa moja kwa vijana wenzake wa Sault Ste. Marie, huko Ontario. Mmoja alipitia ligi ndogo, mwingine akajifunzia kazi kwenye benchi la ligi kubwa.

Ni njia ipi inayomkuza kijana? Wapenda mpira wa Lubumbashi wanalijua swali hili, kwani kwa miaka mingi wameona CS Don Bosco ikiwa ekipe ya akiba ya TP Mazembe, huku ikicheza mechi zake yenyewe. Nao Wakongo wanaoishi Montreal, Ottawa au Grand Rapids wanalisikia kila msimu wa baridi, maana katika miji hiyo hokei ndiyo mazungumzo ya kila siku. Historia ya mchezo huo ina majibu, na baadhi yake ni machungu.

Dakika ndiyo mali

Kwanza ieleweke jinsi mchezo unavyochezwa. Mechi ya hokei ya barafu ina dakika 60, zilizogawanywa mara tatu. Kila ekipe huvalisha wachezaji 20, wawili wakiwa makipa. Uwanjani husimama sita tu kwa wakati mmoja, pamoja na kipa. Kwa kuwa kuteleza kwa nguvu huchosha haraka, wachezaji hubadilishana kila baada ya sekunde 45 hivi, bila mwamuzi kusimamisha mchezo.

Kocha huwapanga washambuliaji kwa makundi manne ya watu watatu. Kundi la kwanza huweza kucheza dakika 20 katika mechi moja. Kundi la nne mara nyingi halifiki hata dakika 10, na huingia wakati ambapo hakuna hatari kubwa. Chini ya hao kuna wale ambao hawavai jezi kabisa: wanafanya mazoezi na ekipe, wanasafiri nayo, wanalipwa, lakini usiku wa mechi wanakaa jukwaani wamevaa suti.

Kwa hiyo kijana anaweza kuhesabiwa kuwa mchezaji wa ligi kubwa, jina lake likiwa kwenye orodha, na bado akamaliza mwezi mzima bila kugusa kisahani cha mchezo katika dakika zinazoamua matokeo. Katika ligi ndogo, kijana huyohuyo angecheza kundi la kwanza, angekosea mara mia, na angerudishwa uwanjani kesho yake.

Mashamba ya ligi kubwa

Ligi kubwa, NHL, ilianzishwa mjini Montreal mwezi wa Novemba 1917. Ligi ndogo iliyo karibu nayo zaidi leo, AHL, mizizi yake ni ya mwaka 1936. Wamarekani na Wacanada huziita ekipe ndogo za namna hii "mashamba": ekipe kubwa hupanda huko, humwagilia maji, na huvuna inapohitaji.

Aliyelima kuliko wengine alikuwa Frank Selke. Mwaka 1946 aliondoka Toronto akaenda kuongoza Montreal Canadiens, akaanza kujenga mtandao wa ekipe ndogo na ekipe za vijana katika majimbo mbalimbali ya Canada. Matunda yalichukua miaka kumi. Kuanzia 1956 hadi 1960 Canadiens walitwaa Kombe la Stanley mara tano mfululizo.

Lakini shamba lina mwenyewe, na zamani mwenye shamba alikuwa na nguvu zote. Kati ya 1942 na 1967 NHL ilikuwa na ekipe sita tu, yaani nafasi takriban 120 kwa wachezaji wote wa bara zima. Vijana walifungwa na mikataba wakiwa wadogo. Bobby Orr, ambaye baadaye alikuja kuwa beki mashuhuri kuliko wote, alikuwa na miaka 14 tu mwaka 1962 alipotia sahihi karatasi iliyomfunga kwa Boston. Kijana aliyekwisha kutia sahihi hakuweza kwenda kujitafutia nafasi kwingine. Ekipe ikimtaka ilimpandisha, isipomtaka ilimwacha hukohuko chini.

Kipa Johnny Bower ni mfano wa wale walioachwa. Alianza kazi ya kulipwa mwaka 1945 katika Cleveland Barons, ekipe ya AHL. Msimu wa 1953-54 New York Rangers walimpandisha, akadaka mechi zote 70. Mwaka uliofuata walimrudisha chini, kwa sababu kila ekipe ilitumia kipa mmoja tu na walikuwa wamempata mwingine. Toronto ilipomchukua mwaka 1958 alikuwa na umri wa miaka 33. Hapo ndipo dunia ilipomjua: alitwaa Kombe la Stanley mara nne, ya mwisho mwaka 1967 akiwa na miaka 42.

Wako wanaosema kwamba Bower ni ushahidi kuwa ligi ndogo hukomaza mtu. Ni kweli alikomaa huko. Lakini mtu aliyedaka mechi 70 katika ligi kubwa hakuwa na haja ya kungoja miaka mingine minne ili aive. Alingoja kwa kuwa hapakuwa na kiti.

Waliofungiwa shambani

Wengine hawakupewa kiti kwa sababu nyingine. Herb Carnegie alizaliwa Toronto mwaka 1919, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Jamaica. Katika ligi ya jimbo la Quebec alitajwa mchezaji bora mara tatu. Mwaka 1948 New York Rangers walimwita kwenye majaribio. Walimpa mkataba wa ekipe zao ndogo, kwa mshahara uliokuwa chini ya ule aliokuwa akipata Quebec. Carnegie alikuwa na familia ya kulisha. Alikataa, na NHL haikumwona tena.

Baadaye katika ekipe ya Quebec Aces alicheza bega kwa bega na kijana mmoja mzungu, Jean Béliveau. Béliveau naye hakuwa na haraka ya kupanda, kwa kuwa Quebec ilimlipa vizuri na mashabiki walimpenda. Canadiens walimtaka kiasi kwamba mwaka 1953 walinunua haki za ligi nzima aliyochezea ili asiwe na njia nyingine ila kutia sahihi kwao. Kwa mmoja walinunua ligi nzima, kwa mwingine hawakuongeza mshahara. Jumba la Magwiji wa Hokei lilimwingiza Carnegie mwaka 2022, miaka kumi baada ya kifo chake.

Willie O'Ree ndiye aliyepenya. Tarehe 18 Januari 1958, akiwa na Boston, alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza katika NHL. Hakuna aliyejua kwamba jicho lake la kulia lilikuwa halioni, kwani lilipigwa na kisahani alipokuwa bado kijana, naye akaficha siri hiyo. Alicheza mechi 2 msimu ule na 43 msimu wa 1960-61. Baada ya hapo alirudishwa ligi ndogo, na huko aliendelea hadi 1979. Mchezaji mweusi wa pili, Mike Marson, alifika mwaka 1974 tu.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa kila mara kiongozi wa ekipe anaposema kwamba kijana fulani "hajaiva". Neno hilo linaweza kuwa kweli. Limetumika pia kuficha mambo mengine.

Sheria ya milango miwili

Mfumo wa kuwafunga watoto ulivunjwa polepole. Mwaka 1963 ligi ilifanya drafti ya kwanza, yaani siku ambapo ekipe huchagua vijana kwa zamu badala ya kuwawahi nyumbani kwao. Mwaka 1967 NHL iliongezeka ghafla kutoka ekipe 6 hadi 12, na nafasi zikawa maradufu. Leo ekipe ni 32, na karibu zote zina ekipe yao katika AHL.

Kukabaki tatizo moja. Ligi za vijana za Canada hazikutaka kunyang'anywa nyota wao, maana hao ndio wanaojaza viwanja vya miji midogo. Kwa hiyo kulikuwa na makubaliano: kijana wa miaka 18 au 19 aliyechaguliwa kutoka ligi hizo ana milango miwili tu. Ama abaki na ekipe ya NHL, ama arudi kwa vijana wenzake. AHL, iliyo katikati, kwake imefungwa mpaka afikie miaka 20. Wazungu wa Ulaya waliotoka kwenye ligi za kwao hawakufungwa na sheria hiyo, na ndiyo sababu Samsonov aliweza kucheza ligi ndogo akiwa na miaka 18 wakati Thornton hakuweza.

Kwa kijana aliyezidi wenzake lakini hajawafikia watu wazima, milango yote miwili ina kasoro. Akirudi nyuma atashinda bila jasho. Akibaki juu atakaa benchi. Ekipe nyingi humjaribu kwa mechi tisa, kwa sababu akifika ya kumi mwaka wa kwanza wa mkataba wake huanza kuhesabiwa. Hivyo uamuzi kuhusu makuzi ya mtoto hukutana na hesabu za fedha. Mazungumzo ya karibuni kati ya ligi na chama cha wachezaji yamelenga kufungua mlango wa katikati kwa vijana wa miaka 19, mmoja kwa kila ekipe.

Mwaka ambao ligi kubwa ilifungwa

Kuna mwaka mmoja ambao ulitoa jaribio ambalo hakuna mtu angelipanga. Mwezi wa Septemba 2004 wenye ekipe za NHL waliwafungia wachezaji wao milango kwa ajili ya ugomvi wa mishahara, na Februari 2005 msimu mzima ukafutwa. Vijana waliokuwa wamekwisha kuonja ligi kubwa walishushwa AHL, si kwa kosa lao, bali kwa kukosa pengine pa kucheza.

Mmoja wao alikuwa Eric Staal wa Carolina Hurricanes. Msimu wa 2003-04, akiwa na miaka 18 na 19, alicheza mechi 81 za NHL akapata pointi 31; katika hokei kila bao na kila pasi inayozaa bao ni pointi moja. Hakuwa vibaya kwa umri wake, lakini hakutisha. Wakati wa mgogoro alicheza Lowell, Massachusetts, akiwa tegemeo la ekipe: mechi 77, pointi 77. Ligi kubwa ilipofunguliwa, msimu wa 2005-06, alipata pointi 100, na mwezi wa Juni 2006 Carolina ikatwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yake. Katika mechi za kuwania kombe hakuna aliyempita kwa pointi. Alikuwa na miaka 21.

Jason Spezza wa Ottawa alipita njia hiyohiyo. Alikuwa amekwisha kupata pointi 55 katika NHL, akashuka Binghamton, jimbo la New York, akapata pointi 117 na kuwa mchezaji bora wa AHL. Aliporudi juu alipata pointi 90 katika mechi 68.

Ni kweli kwamba kijana wa miaka 20 hukua hata akilala, na kwamba mwaka 2005 sheria za NHL zilibadilishwa na mabao yakaongezeka kwa wote. Mwaka wa ligi ndogo hauwezi kupewa sifa yote. Hata hivyo, hofu kwamba kushushwa kungewavunja moyo ilionekana kuwa tupu. Walishuka, wakacheza sana, wakapanda wakiwa na nguvu.

Detroit na matunda yanayoachwa mtini

Ekipe iliyofanya subira kuwa siasa yake ni Detroit Red Wings. Viongozi wake walipenda kumwacha kijana AHL mpaka aive kupita kiasi, ndipo wamchume. Shamba lao liko Grand Rapids, Michigan, mji ambao leo ni makazi ya familia nyingi zilizotoka Kongo.

Kipa Jimmy Howard alichaguliwa mwaka 2003 na alidakia Grand Rapids misimu minne kabla ya kukabidhiwa goli la Detroit mwaka 2009. Mwaka 2013 Grand Rapids Griffins walitwaa Kombe la Calder, ambalo ni kombe la AHL, na Mslovakia Tomas Tatar akawa mchezaji bora wa mechi za mwisho. Mwenzake, Msweden Gustav Nyquist, alianza msimu uliofuata bado akiwa Grand Rapids kwa sababu hapakuwa na nafasi juu. Alipoitwa, alifunga mabao 28 katika mechi 57.

Mfumo huo ulisifiwa sana, kwani Detroit ilifika mechi za kuwania kombe misimu 25 mfululizo. Lakini majira ya mwaka 2017 yalitoa somo lingine. Griffins walitwaa tena Kombe la Calder mwaka uleule ambao Red Wings walikosa kufuzu kwa mara ya kwanza tangu 1990. Shamba lilikuwa na mazao na nyumba ilikuwa na njaa. Subira huwakuza vijana uliokwisha kuwapata. Haileti nyota ambao hukuwachagua.

Iko pia njia ya tatu: kubaki nyumbani. Johnny Oduya alizaliwa Stockholm mwaka 1981, baba yake akiwa Mjaluo wa Kenya. Washington walimchagua mwaka 2001, akiwa wa 221 kwenye orodha, mahali ambapo wengi husahauliwa. Hakukimbilia Marekani kukaa nje ya kikosi. Alicheza ligi ya Sweden na watu wazima, usiku baada ya usiku, na alipovuka bahari mwaka 2006 kujiunga na New Jersey alikuwa beki kamili. Alitwaa Kombe la Stanley na Chicago mara mbili, 2013 na 2015.

Kurudi Boston

Na Thornton? Benchi halikumwua. Msimu wake wa pili aliongezewa dakika, akatoka pointi 7 hadi 41, kisha 60. Mwaka 2002 alifanywa nahodha wa Boston. Msimu wa 2005-06, ambao katikati yake aliuzwa kwa San Jose, alipata pointi 125 na kutajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Alimaliza kazi yake akiwa na mechi 1,714 na pointi 1,539, na mwaka 2025 aliingizwa katika Jumba la Magwiji. Samsonov, aliyemzidi mbali mwaka ule wa kwanza, alimaliza bila kufikia hata nusu ya pointi hizo.

Kwa hiyo anayesema kwamba benchi huharibu kila kijana anakosea, na anayesema kwamba ligi ndogo huivisha kila kijana anakosea pia. Mwaka mmoja wa kukaa na kutazama ulikuwa shule kwa Thornton kwa sababu ulikuwa na mwisho, na mwaka uliofuata dakika zilimngoja. Miaka ya ligi ndogo ilikuwa shule kwa Staal na Howard kwa sababu mlango wa juu ulikuwa wazi. Kwa Carnegie ligi ileile ilikuwa gereza.

Hesabu za AHL yenyewe zinasema kwamba karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wa leo wamepita huko. Hazisemi ni wangapi waliobaki huko mpaka magoti yakachoka. Mzazi au kijana anayeletewa mkataba, iwe ni Ottawa au Lubumbashi, ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: atacheza dakika ngapi, nani atamfundisha kila siku, na ni lini na kwa kipimo gani itaamuliwa kama anapanda au anaachwa huru akajitafutie pengine. Jina la ligi linaweza kuulizwa baada ya hayo.